Leta Hati, Kisha Tuzungumze

Neno hili nimelisikia ofisini, nimelisikia katika mabaraza ya machifu na katika kumbi za mahakama, na nimelisikia hata matangani, pale jamaa wanapoanza kuulizana juu ya shamba la marehemu kabla udongo wa kaburi haujakauka. Neno lenyewe ni fupi: "Leta hati, kisha tuzungumze." Anayelitamka hulitamka kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kushinda. Anayeambiwa huinamisha kichwa, akatoka, akaenda kuketi chini ya mwembe huku akiwaza ataipata wapi karatasi ambayo babu yake hakuwahi kupewa.

Nimekusudia kulipinga neno hili. Silipingi kwa sababu nachukia karatasi. Nimeishi kwa karatasi umri wangu wote: nimefundisha, nimesahihisha, nimekuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na tangu nistaafu nimetumia siku nyingi nikipekua nyaraka za zamani za ardhi ya Pwani yetu ya Kenya, kwanza kwa ajili ya shamba la nyumba yetu, baadaye kwa ajili ya majirani waliokuja na bahasha zao wakitaka nizisome. Nalipinga kwa sababu, jinsi linavyotumiwa, ni ulaghai. Linamtuma mtu akatafute jina lake ndani ya kabati lililopangwa kwa sheria ili jina hilo lisiwemo.

Tuanze na sheria hiyo, maana wengi wanaoitaja hawajapata kuisoma. Mwaka 1908 serikali ya Kiingereza iliyotawala Himaya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ukanda wa Pwani, ule wa maili 10, ambao kwa mapatano ya 1895 ulibaki chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar lakini ukaendeshwa na Waingereza. Sheria ilisema kwamba katika kila eneo litakalotangazwa, yeyote anayedai ardhi afike kwa Msajili wa Hati, tena kwa muda uliowekwa, aeleze madai yake na kuyathibitisha. Akikubaliwa atapewa cheti cha kumiliki. Mwenye rehani atapewa cheti cha rehani. Mwenye nyumba au minazi iliyosimama juu ya ardhi ya mtu mwingine atapewa cheti cha maslahi. Na ardhi isiyodaiwa na yeyote ilihesabiwa kuwa ni ya Mfalme wa Uingereza.

Irudie sentensi hiyo ya mwisho, msomaji wangu. Ni ardhi isiyo*daiwa*, wala si ardhi isiyokaliwa. Baina ya kukaa na kudai pana bahari nzima, na katika bahari hiyo ndimo walimozama maelfu ya watu wetu.

Ni haki kueleza mantiki ya sheria kabla ya kuilaumu. Wakati huo walikuja Wazungu waliotaka mashamba ya mpira na pamba, hasa upande wa Malindi, na mnunuzi hapendi kulipa fedha zake leo, kesho aje mtu wa ukoo fulani aseme kwamba muuzaji hakuwa na idhini ya nduguze. Basi likaletwa wazo la daftari. Wazo lenyewe lilianzia Australia Kusini mwaka 1858, kwa bwana mmoja aitwaye Robert Torrens: daftari ndilo lisemalo, na yaliyo nyuma ya daftari yamefungwa. Kwetu nako cheti cha Msajili kikawa ushahidi usiopingika dhidi ya watu wote. Husemwa kwamba huko Australia mpango huo ulikuwa wa manufaa makubwa. Labda. Wenyeji wa asili wa huko nao hawakuulizwa.

Sasa, ni nani aliyekwenda kwa Msajili? Alikwenda aliyeishi mjini au karibu na mji, aliyezoea ofisi, aliyekuwa na karatasi ya kadhi sandukuni, aliyemjua mwandishi wa kumwandikia maombi. Walikwenda Waarabu wenye mashamba, walikwenda Waswahili wa miji, walikwenda Wahindi waliokuwa na rehani. Mmijikenda aliyelima muhogo na mahindi nyuma ya mashamba hayo hakwenda, isipokuwa wachache. Kwake yeye ardhi ilijulikana kwa wazee wa kaya, kwa makaburi, kwa mti uliopandwa na fulani. Hakuwa na desturi ya kwenda kumwambia mgeni kwamba kwake ni kwake.

Na wako wengine ambao hawatajwi sana, labda kwa sababu kutajwa kwao kunatia aibu nyumba nyingi za Pwani. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika ukanda wetu mwaka 1907. Sheria ya hati ikaja 1908. Mtu ambaye yeye mwenyewe alihesabiwa kuwa mali, mwaka mmoja baadaye anatakiwa asimame mbele ya Msajili athibitishe mali yake! Amelima kipande kile miaka 20 kwa idhini ya bwana wake wa zamani. Bwana yuko pale pale ofisini, amevaa joho, anadai shamba zima. Nani atathubutu kunyanyua mkono? Wajukuu wa watu hao leo huitwa maskwota. Nao huambiwa walete hati.

Hapa ndipo ninapogombana na mawakili na maofisa, na wengine kati yao ni wanafunzi wa wanafunzi wangu. Wanapokwenda kwenye jalada la mwaka huo na kukuta hapana madai ya Mgiriama wala Mchonyi wala mtumwa aliyeachwa huru, huandika kwamba hapakuwa na mtu. Hilo ni kosa ambalo mwalimu wa darasa la tatu angelikata kwa kalamu nyekundu. Rejesta ya shule haikuonyeshi idadi ya watoto wa kijiji. Inakuonyesha waliopelekwa shule. Asiyemo katika rejesta hajathibitishwa kwamba hakuzaliwa.

Tena ajabu yenyewe ni kwamba nyaraka za serikali ile ile zinakanusha. Tangu mwanzo wa karne ya 20 serikali ilikuwa ikitoza kodi ya vibanda. Huwezi kutoza kodi ya kibanda bila kukihesabu kibanda, na huwezi kukihesabu bila kufika kilipo. Maofisa wa wilaya waliandika taarifa kila mwaka: mahindi yamekuwa mengi au machache, watu wamehama ng'ambo ya mto, wazee wamekataa kutoa vijana wa kazi. Mwaka 1914, baada ya ghadhabu iliyochochewa na kiapo cha Mekatilili wa Menza na wenzake, serikali iliamuru Wagiriama waliokuwa kaskazini ya mto Sabaki wahame, na nyumba zikachomwa. Amri ya kuwaondoa watu ni ushahidi kwamba walikuwako. Lakini amri hiyo imo katika majalada ya utawala, wala haimo katika masjala ya ardhi, na ofisa wa ardhi hafungui jalada la utawala. Kwake yeye dunia nzima imo katika daftari moja.

Basi kwa wale wanaokuja kwangu nimekuwa na shauri moja: ukikuta mlango wa mbele umefungwa, zunguka nyumba. Kama jina la babu halimo katika hati, litafute katika kodi. Kama halimo katika kodi, litafute katika kesi, maana watu wetu walishitakiana sana, alhamdulillahi, na kila kesi ya mbuzi aliyeingia shambani hutaja shamba la nani. Watafutie Wakristo katika madaftari ya ubatizo ya misheni. Rabai kumekuwa na misheni tangu 1846, na Frere Town, hapo Kisauni, tangu 1875, mahali ambapo watumwa waliookolewa baharini waliwekwa na kuandikwa. Tafuta barua za malalamiko. Mnyonge asiyepata hati aghalabu hupata kuandikiwa lalamiko, na lalamiko likijibiwa "halikubaliki" limekwisha kutunzwa.

Lakini haya yanamtaka mtu awe na siku, nauli na Kiingereza. Makao makuu ya Nyaraka za Taifa yako Nairobi, ndani ya jengo lililokuwa la Benki ya India. Ni mahali pazuri, na watumishi wake wa chumba cha kusomea nimewakuta ni watu wastaarabu. Ila mkulima wa Chonyi atafikaje? Na akifika, orodha zote ni za Kiingereza, na jina la kijiji chake limeandikwa jinsi lilivyosikika katika sikio la Mwingereza. Wakati huo huo taarifa za mwaka za mikoa na wilaya zetu zilikwisha kupigwa picha za filamu ndogo, na nakala yake ipo katika Chuo Kikuu cha Syracuse, katika jimbo la New York. Sisemi Wamarekani wameiba. Walipewa, na huenda siku moja nakala yao ikatuokoa. Nasema tu kwamba kijana wa huko anaweza kusoma habari za Malindi ya 1912 kabla ya kifungua kinywa, na mzee wa Malindi hajui kama habari hizo ziko duniani.

Mengine hayakuachwa kabisa. Mwaka 2011, wakati wazee wa Mau Mau walipoishitaki serikali ya Uingereza mjini London, ndipo ilipokiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya mafaili ya makoloni katika jumba moja liitwalo Hanslope Park. Yalikuwa mafaili kama 8,800 kutoka nchi 37, Kenya ikiwa mojawapo. Yalichukuliwa wakati bendera zikishushwa, na mengine mengi yalichomwa moto. Baadaye yaliyobaki yalihamishiwa kwenye hifadhi yao ya taifa huko Kew. Kwa takriban miaka 50 serikali iliyotuambia tulete hati ilikuwa imekalia karatasi zetu.

Kisha yako mapatano ya Oktoba 1963, kabla ya uhuru, ambayo kwayo ukanda wa maili 10 uliunganishwa na Kenya. Katika barua walizobadilishana Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar wakati huo, iliahidiwa kwamba hati za kumiliki ardhi ya Pwani *ambazo zimekwisha kusajiliwa* zitatambuliwa daima. Maneno mawili tu hayo, "zimekwisha kusajiliwa", na madaftari ya 1908 yakavuka mpaka wa uhuru yakiwa salama salimini. Ardhi iliyokuwa ya Mfalme ikawa ya serikali mpya. Wengi walicheza ngoma usiku ule wa Disemba juu ya ardhi ambayo asubuhi yake walikuwa maskwota kama jana.

Sasa nigeukie upande wetu, maana sipendi kupiga ngoma upande mmoja. Kuna vijana, na wazee wenye umri wangu ambao walipaswa kuwa na busara zaidi, wanaozunguka barazani na nakala ya mapatano ya 1895 ndani ya mfuko wa nailoni, wakiipunga kama ndiyo hati ya kila shamba kutoka Vanga hadi Kipini. Mapatano yale yalikuwa baina ya serikali mbili juu ya nani atawale na nani alipwe. Hayataji shamba la mtu. Anayekuuzia nakala yake kwa shilingi 500 anakuuzia karatasi, na afadhali ungenunua unga. Wako pia madalali wa nyaraka, watu wa kuvizia nje ya ofisi, ambao kwa malipo yanayofaa "hupata" hati ya zamani yenye muhuri. Nimeziona mbili. Moja ilikuwa na tarehe ya 1910 na bei yake ilikuwa ya shilingi, ilhali 1910 fedha ya nchi hii ilikuwa rupia. Shilingi hazikuja hadi baada ya 1920. Uongo nao unataka elimu.

Na kuna kosa jingine la kusoma nusu. Hati nyingi za kale za Pwani na za Unguja ziliandikwa kwa Kiarabu mbele ya kadhi, na ndani yake utakuta neno *bei*. Mtu akisomewa hapo huruka: "Kumbe babu aliuza!" Subiri, endelea kusoma. Kwa kuwa dini inakataza riba, mwenye shamba aliyetaka fedha alimuuzia mwenye fedha shamba lake kwa sharti: akirudisha kiasi kile kile katika muda uliotajwa, shamba lirudi. Hii ndiyo bei ya khiyari. Katikati ya muda huo muuzaji alibaki shambani kwake akilipa ijara, na ijara ndiyo iliyokuwa faida ya mwenye fedha. Kwa sura ni mauzo, kwa hakika ni rehani. Katika hifadhi ya nyaraka ya Zanzibar, pale Kilimani, kuna majuzuu ya hati za namna hii, na watafiti wameyaandikia vitabu. Mmoja wao, Fahad Bishara, alitoa chake mwaka 2017 juu ya bahari nzima ya madeni hayo kutoka Oman hadi kwetu. Nani kati ya watoto wetu anaweza kuzisoma? Mtaala wa vyuo vya ualimu, katika miaka yote niliyokuwa huko, haukuwa na hata saa moja ya Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Tulifundishwa kuwafundisha watoto mito ya Kanada. Barua ya bibi yao mzaa babu ikawa kwao kama nyayo za kuku.

Hata mipaka inataka mwalimu. Hati ya kale haina namba ya ploti. Inasema: kibla, shamba la fulani, suheli, njia ya watu wote, matlai, kisima, maghribi, minazi ya fulani bin fulani. Kibla kwetu ni kaskazini, kwa kuwa Makka iko upande huo, na suheli ni nyota ya kusini. Nimemsikia kijana mwenye shahada akibishana mahakamani kwamba kibla ni mashariki, kwa kuwa alisikia hivyo kwa Waislamu wa Afrika Magharibi. Lau angeshinda, shamba lile lingezungushwa robo duara likaingia baharini.

Nitataja sasa jambo la nyumba yetu, maana linahusika. Tuna shamba la minazi na miembe kaskazini ya Mtwapa. Tangu nikiwa mtoto, wanaume wa ukoo wetu walisema limetoka kwa babu yao mkubwa, likashuka kwa wanaume, na kwamba watoto wa shangazi wanaolima upande wa chini ni wageni waliohifadhiwa kwa huruma. Shangazi alipofariki na wanawe wakaomba kipande chao kipimwe, waliambiwa neno lile lile lililo juu ya ukurasa huu. Hawakuwa na hati, na sisi pia hatukuwa nayo. Lakini mwenye sauti kubwa hahitaji.

Nilikwenda kuitafuta. Katika ofisi moja niliambiwa mara tatu kwamba daftari la miaka hiyo halipo, na mara ya nne, baada ya kuja na barua ya wakili, lilikuwepo, tena kwenye rafu niliyokuwa nikiiona kila siku nikiwa nimeketi kwenye benchi. Siku mbili nikafunua kurasa zinazomeguka kama biskuti. Nikaikuta: hati ya mwaka 1321 wa Hijria, yaani 1903 kuingia 1904, bei ya khiyari kwa rupia 200, mipaka yake minne ikiwa ile ile tunayoijua, kisima kikiwa matlai. Pembeni, kwa wino mwingine, imeandikwa kwamba fedha zimerudishwa na shamba limerudi. Na aliyeliweka shamba, na aliyelikomboa, hakuwa yule babu mkubwa. Alikuwa mkewe. Jina lake, *binti* fulani, na maneno "shamba lake alilorithi kwa baba yake." Babu mkubwa ametajwa mara moja tu, chini, kama shahidi.

Basi shamba lilikuwa la mwanamke, na lilishuka kwa watoto wake wote, wa kiume na wa kike, kwa mafungu ya sheria ya mirathi ambayo kila mmoja wetu huapa kuwa anaifuata. Nilipoisoma hati hiyo barazani mbele ya ukoo, kulikuwa kimya kwa muda. Kisha mmoja wa wale waliokuwa wakidai hati kwa sauti kubwa kuliko wote akasema: "Hizi ni karatasi za zamani. Nani ajuaye?"

Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi kuliko sheria ya 1908. Mtu yule si mjinga wala si mwovu. Ni jamaa yangu, nampenda. Lakini alinionyesha kwamba neno "leta hati" si ombi la ushahidi. Lingekuwa ombi la ushahidi, ushahidi ungekubaliwa. Ni njia ya kumwambia mtu aondoke bila kugombana naye. Serikali ililitumia kwa Wagiriama, wenye mashamba wakalitumia kwa waliokuwa watumwa wao, na sisi wanaume wa Pwani, ambao tunalia sana juu ya dhuluma ya ardhi, tunalitumia kwa dada zetu. Ukienda katika madaftari ya kale ya Mombasa utashangaa wanawake walivyo wengi: wananunua nyumba, wanaweka rehani, wanaacha wakfu, wanawashitaki waume zao. Wako humo kwa majina yao na ya baba zao. Ni katika kumbukumbu zetu za mdomo ndimo walimofutwa. Kwa hiyo yule anayeniambia kwamba karatasi zote ni za mkoloni na ukweli wote uko kwa wazee, naye namkatalia. Wazee nao wana makabati yao, na nimeona yaliyotolewa humo.

Nirudi kwa serikali, maana ndiyo yenye funguo. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u iliteuliwa mwaka 2003 na ikatoa ripoti yake 2004 juu ya ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria. Ilikadiria kwamba hati za namna hiyo zilifika kama 200,000, na kwamba maofisa wenyewe walikuwamo katika mchezo. Yaani hati, ile ile inayodaiwa kwa mjane wa Kilifi kama tonge la mwisho la ukweli, ilitolewa mijini kama karanga. Mwaka 2016 sheria ya Tume ya Taifa ya Ardhi ilirekebishwa ikaeleza madai ya dhuluma za kihistoria: yale yaliyotokea tangu tarehe 15 Juni 1895 hadi 27 Agosti 2010. Ikawekwa miaka 5 ya kuyaleta. Dhuluma ya miaka 115, na miaka 5 ya kuitafutia karatasi, katika nchi ambayo wengi hawajui jengo la nyaraka liko mtaa gani! Aliyepanga muda huo hajawahi kusubiri faili.

Mwaka 2021 ukazinduliwa mfumo wa kompyuta uitwao Ardhisasa, kuanzia Nairobi. Naupongeza kwa jambo moja, kwamba faili la kompyuta haliendi nyumbani na karani. Lakini naogopa. Kinachoingizwa humo ni hati ya juu kabisa katika faili, ya mwisho kutolewa. Kama hiyo ya juu ni ya kughushi, mashine haitajua; itautunza uongo vizuri zaidi, bila mchwa. Vitu vya chini ya faili ndivyo vyenye habari: lalamiko lililokataliwa, ramani ya kwanza yenye vibanda vilivyochorwa kwa penseli, hati ya Kiarabu iliyokunjwa mara nne. Je, hivyo navyo vinapigwa picha, au vinafungwa kamba na kupelekwa stoo? Nimeuliza. Niliyemwuliza alinijibu kwamba kipaumbele ni hati zinazotumika.

Katiba yetu ya 2010, ibara ya 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kuitekeleza ilipitishwa 2016. Basi nadai. Madaftari ya zamani ya ardhi ya Pwani, yote, na majalada ya utawala yanayokwenda nayo, yapigwe picha na nakala ziwekwe Lamu, Malindi, Kilifi na Kwale, mahali ambapo mtu anaweza kufika kwa matatu moja. Orodha ziandikwe kwa Kiswahili, na majina ya vijiji yaandikwe jinsi wenyeji wanavyoyatamka. Kila kaunti iajiri angalau mtu mmoja anayesoma herufi za Kiarabu, na si wa mkataba wa miezi mitatu. Na mahakama au tume inayosikiliza kesi ya ardhi ya kabla ya uhuru isiruhusiwe kuandika "hapakuwa na mtu" mpaka daftari la kodi, taarifa za wilaya na kesi za mahakama za wakati ule zimefunguliwa, tena na serikali, kwa gharama ya serikali. Mzigo wa kutafuta umwangukie mwenye kabati.

Watoto wa shangazi wamepimiwa upande wa chini, ingawa si wote wanaotusalimu. Daftari nililolisoma limeachana na jalada lake. Kurasa za mwanzo zimegandamana na hazifunguki. Nimeandika barua mbili kuomba lipigwe picha kabla ya mvua za masika, kwa kuwa paa la chumba kile linavuja upande wa dirisha. Sijajibiwa.